Mahamri yaliyogoma siku za karamu: kisa kimoja cha hamira, Lamu

Mama mmoja wa mtaa wa Langoni, Lamu, amekuwa akiuza mahamri tangu watoto wake wakiwa wadogo. Majuzi akaanza kuharibikiwa, lakini si kila siku. Siku za kawaida, anapokanda unga wa kuwauzia majirani na wapita njia, mahamri yalitoka kama siku zote: mepesi, yamefura, ukiyapasua yana mfuko ndani wa kutilia mbaazi. Siku akipata oda kubwa, ya harusi au hitima au wageni wa Maulidi, unga uligoma. Anaukanda baada ya sala ya Isha, anaufunika, na akija kuufunua kabla ya alfajiri anaukuta ulivyokuwa, mzito, umekaa chini ya beseni. Akisukuma na kutia karaini, baadhi yanafura, baadhi yanabaki bapa, na hata yale yaliyofura yakishapoa yanakuwa ya kutafuna mpaka taya zichoke.

Hasara yenyewe ilikuwa ya aina mbili. Oda kubwa ndiyo yenye faida, na pia ndiyo yenye mashahidi. Hamri bovu moja la barazani watu hulisamehe. Yakiwa mabovu ya harusini, yanasimuliwa mpaka Shela.

Mtaani sababu zilikuwa tayari kabla mtu hajauliza swali. Wengi walimtaja mwenye duka: ameuza hamira bandia, au iliyokufa. Wengine walisema maji ya kisima yamezidi chumvi. Wapo waliolaumu upepo wa kusi na baridi yake ya usiku. Na wapo waliosema kwa sauti ya chini kwamba ni jicho, maana mbona linaharibika lile lenye fedha tu? Hao wa mwisho, tuwape haki yao, ndio pekee waliotazama mpangilio wa mambo. Waligundua kwamba ubovu unafuata ukubwa wa oda.

Niliitwa kwa sababu nafundisha baiolojia sekondari na kwa sababu mahamri yake nimeyala sana. "Hamira yangu yana ilikuwa hai, yeo imekufa," aliniambia, "na ni pakiti ile ile moya, mwanangu." Kisha akaongeza jambo ambalo yeye aliliona dogo: ule unga uliogoma, alipouacha kwenye beseni kwa hasira bila kuutupa, adhuhuri aliukuta umeumuka.

Maneno hayo mawili ndiyo yaliyoongoza uchunguzi wote. Pakiti moja inayofaulu jana na kufeli leo haiwezi kuwa bandia. Na unga unaoumuka baada ya saa kumi na tano au zaidi badala ya saa chache haukukosa hamira. Ulikuwa nayo, ila kidogo mno.

Ili hilo lieleweke lazima tukumbuke hamira ni nini hasa. Ile chengachenga ya rangi ya kahawia isiyoiva iliyomo kwenye pakiti ni kuvu, ndugu wa uyoga na wa ukungu wa mkate mkuukuu, ila huyu ana seli moja tu. Wanasayansi humwita Saccharomyces cerevisiae. Upana wa seli moja ni kama mikromita 5 hadi 10, yaani ukizipanga 100 au zaidi kwa mstari ndipo utapata milimita moja. Kijiko kimoja cha chai kina mabilioni yake. Huzaana kwa kuchipua: kijinundu huota ubavuni mwa seli mama, kikakua, kikajitenga, na mama akabaki na kovu pale kilipotoka. Mambo yakiwa mazuri, chakula kipo na joto linafaa, idadi hujizidisha mara mbili kwa muda wa kama saa moja na nusu.

Chakula chake ni sukari. Sukari ya dukani huivunja kwanza nje ya seli kwa kimeng'enya, akapata glukosi na fruktosi, ndipo akazila. Sukari isipokuwepo kabisa bado hafi njaa ndani ya unga, kwa kuwa vimeng'enya vya ngano yenyewe huuvunja wanga na kumpa sukari nyingine iitwayo maltosi. Hewa ikiwa haba, kila molekuli moja ya glukosi humalizikia kuwa molekuli mbili za alkoholi na mbili za kabonidioksidi. Gesi ndiyo tunayoitaka. Alkoholi hupotea kwa sehemu kubwa kwenye mafuta ya moto, na kiasi kinachobaki ni kidogo sana. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayeniuliza kama basi mkate ni halali, nami humpeleka kwa mwalimu wake wa madrasa, maana swali la kiasi nalijua na swali la hukumu si langu.

Watu walichelewa sana kukubali kwamba kiumbe hiki kiko hai. Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek aliziona seli zake kwa hadubini mwaka 1680 lakini hakudhani ni uhai. Mwaka 1837 wachunguzi kadhaa huko Ulaya, akiwemo Theodor Schwann, walisema kila mmoja kwa njia yake kwamba hiki ni kiumbe kinachokua, na baadhi ya wakemia wakubwa wa zama hizo wakawacheka. Louis Pasteur ndiye aliyeufunga mjadala huo kuanzia 1857. Lakini mwaka 1897 Eduard Buchner akasaga hamira, akaikamua, akatupa makapi, na maji yale yasiyo na seli hata moja iliyo hai yakaendelea kuigeuza sukari kuwa alkoholi na gesi. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1907. Hilo linagusa kisa chetu moja kwa moja: kazi hufanywa na vimeng'enya vilivyomo ndani ya seli, navyo ni protini. Protini ikipashwa moto kupita kiasi huharibika kama ute wa yai unavyoganda kikaangoni, na hairudi.

Sasa washukiwa.

Mwenye duka tulimwachilia mapema. Tulitia kijiko cha hamira kutoka pakiti ile ile kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu yenye sukari kidogo, tukaiacha juu ya meza. Baada ya muda wa kama dakika kumi povu lilikuwa limejaa hadi mdomoni. Kila anayenunua hamira angefaa kufanya hivyo kabla ya kumtia mtu doa, hasa mji mdogo kama huu ambao neno likitoka asubuhi, jioni limefika Mkomani na kurudi likiwa limenenepa.

Chumvi ilihitaji hesabu kidogo. Ni kweli visima vingi vya mjini vina maji ya chumvichumvi, na ndiyo maana maji matamu ya Lamu hutegemea vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo huyachuja na kuyahifadhi maji ya mvua juu ya maji mazito ya bahari. Ni kweli pia kwamba chumvi huipunguzia hamira kasi. Lakini maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita. Tuseme kisima kimeharibika mpaka kina sehemu moja ya kumi ya hiyo, ambayo tayari ni maji ya kutema. Kilo moja ya unga huhitaji kama nusu lita ya maji au tui, kwa hiyo itapata chini ya gramu mbili za chumvi. Waoka mikate duniani kote hutia gramu 15 hadi 20 kwa kila kilo ya unga, kwa makusudi, na mkate unaumuka. Kisima kinaweza kuharibu ladha ya chai. Unga hakikuugusa.

Baridi ya kusi nayo haikusimama. Hamira hupenda joto la nyuzi 30 hadi 35, na chini ya hapo hupunguza mwendo, sawa. Lakini usiku wa Lamu katika miezi ya kusi haushuki kiasi cha kuulaza unga saa nane. Na kusi huvuma siku ya oda kubwa na siku ya oda ndogo bila kubagua.

Kabla ya kuendelea, kuna jambo moja lililompoteza mama huyu kwa muda mrefu, nalo ni yale mahamri machache yaliyofura hata siku mbaya. Aliyaona kama ushahidi kwamba unga ni mzima na kasoro iko kwenye kusukuma, au kwenye moto. Akambadilisha kijana wa kumsaidia kusukuma, akabadilisha mafuta. Kumbe ule mfuko mkubwa wa ndani ya hamri haujazwi na gesi ya hamira. Hujazwa na mvuke. Donge likisukumwa bapa na kuingia kwenye mafuta ya moto, nyuso zake mbili hukauka na kushikana haraka, maji yaliyomo katikati yakageuka mvuke, na mvuke ukazitenganisha. Ndiyo maana hata chapati isiyo na chembe ya hamira hufura juu ya tawa. Kazi ya hamira iko kwenye nyama ya hamri, ule ukuta wake wenye vitundu vidogo vidogo unaolifanya liwe laini hata likipoa. Na vitundu hivyo pia hamira haivianzishi yenyewe. Huanzishwa na mkono wakati wa kukanda, kwa hewa inayofungiwa ndani ya unga, kisha gesi ya hamira huviingia na kuvipanua, huku protini za ngano zikivishikilia visipasuke. Hamri lililofura basi si lazima liwe limeumuka. Ukitaka kujua, lipasue, utazame ukuta wake.

Baada ya hapo nilimwomba jambo moja tu: asinieleze anavyopika, anipikie. Mpishi mzoefu akieleza, hueleza anachokusudia kufanya, na mkono wake una mambo yake mengine.

Siku ya oda ndogo alikuna nazi zake kwenye mbuzi mwenyewe baada ya magharibi, akatia maji ya uvuguvugu, akakamua kwa kifumbu, na tui likaenda karibu moja kwa moja kwenye unga. Hamira alikuwa ameivuruga pembeni kwa maji na sukari, ikaanza kutoa povu, akaimimina pamoja na tui. Hakuna lililonishtua, na mahamri ya asubuhi yalikuwa mazuri.

Siku ya oda kubwa mpangilio ulikuwa mwingine kabisa, ingawa yeye aliapa kwamba ni ule ule. Nazi ni nyingi, wasaidizi huja alasiri, kwa hiyo tui linakamuliwa mapema. Tui la alasiri likikaa mpaka usiku kwenye joto letu litachacha. Hivyo hulichemsha, na hafanyi kosa kulichemsha. Akishaliepua hulifunika kwa kifuniko kizito, kwa sababu nyumba ya Langoni yenye sufuria ya tui wazi ina paka wanne kabla hujageuka. Kisha anaswali, anapepeta unga, anasaga iliki, anapima sukari, na ukifika wakati wa kukanda anatia kidole ndani ya tui, anatikisa kichwa kuridhika, anamimina.

Nilikuwa nimeazima kipimajoto cha maabara. Kidole kilisema uvuguvugu. Kipimajoto kilikaribia nyuzi 60.

Hapa kuna mambo mawili, na yote mawili yanastahili kuelezwa. La kwanza ni sufuria. Ukichukua sufuria ambayo upana na kimo chake ni mara mbili ya nyingine, inabeba tui mara nane, lakini sehemu ya nje inayotoa joto imeongezeka mara nne tu. Kwa hiyo hupoa polepole zaidi, na hapo bado hujahesabu kifuniko wala utando wa mafuta ya nazi unaokaa juu na kuzuia mvuke. Muda ule ule wa kuswali na kupepeta unaotosha kupoza sufuria ndogo hautoshi kwa kubwa. Yeye alikuwa akipima kwa mwendo wa kazi zake, na mwendo huo haukubadilika.

La pili ni kidole. Mtu aliyegeuza mahamri kwenye mafuta ya moto kwa miaka mingi ana vidole ambavyo haviulizi tena. Kinachonichoma mimi, kwake ni cha kawaida. Wala si aibu, ni alama ya kazi. Ila kwa hamira mpaka uko pale pale: ikipita nyuzi 40 huanza kuteseka, kwenye 50 seli nyingi hufa kwa dakika chache, na ikikaribia 60 hufa karibu zote kwa muda mfupi sana. Unga baridi wa kwenye beseni hulipunguza joto la tui linapochanganyika, na bila shaka ndio uliookoa zile seli chache zilizobaki. Hizo ndizo zilizochipua usiku kucha na asubuhi yote, zikajizidisha mara mbili na mara mbili tena, mpaka adhuhuri unga ukaumuka wakati harusi imeshakwisha.

Alinibishia, na ubishi wake ulikuwa mzuri. Hamira hii imekaa dukani juu ya rafu chini ya bati, Januari na Februari, haikufa. Itakufaje kwa tui ambalo kidole changu kinalistahimili? Jibu ni kwamba hamira kavu na hamira iliyoamka si kiumbe cha nguvu moja. Kabla ya kukaushwa kiwandani, seli hujiwekea sukari maalumu iitwayo trehalosi, ambayo hushika utando na protini zake zisivurugike maji yanapotoka. Katika hali hiyo inastahimili mengi. Ikishatiwa maji na kuanza kula, huitumia ile akiba na kuushusha ulinzi. Ile povu nzuri iliyomfurahisha mama ilikuwa dalili kwamba hamira yake imeamka, imejivua, na sasa inamiminiwa tui la moto. Lau angeichanganya kavu na unga kwanza, huenda nyingi zaidi zingepona.

Na hapo ndipo inapoingia sukari, ambayo naiona mshirika wa kosa na si mkosaji mwenyewe. Baada ya oda ya kwanza kuharibika alidhani hamira ina njaa, akaongeza sukari. Ni fikra ya kawaida na wengi hufanya hivyo. Lakini mahamri tayari ni kazi ngumu kwa hamira. Mkate wa kawaida unaweza kuwa hauna sukari kabisa. Mahamri ya kwetu huchukua gramu 200 au zaidi kwa kilo ya unga. Sukari nyingi nje ya seli huvuta maji kutoka ndani yake, na seli hulazimika kutengeneza gliseroli ya kuyazuia kabla ya kufikiria kazi nyingine. Inapozidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa unga, hamira ya kawaida tayari inachechemea. Viwanda hutengeneza hamira za aina maalumu kwa unga mtamu kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo zile seli chache zilizonusurika kwenye tui alikuwa akizitupa tena kwenye sukari nyingi kuliko mwanzo. Siku za kawaida, hamira ikiwa nzima, ilikuwa ikimudu. Siku za tui la moto haikubaki ziada yoyote ya kufidia.

Dawa yenyewe haikuwa na gharama. Tui huchemshwa kama zamani, kisha humiminwa kwenye masinia mapana, likafunikwa kwa kawa ambazo hupitisha hewa na huzuia paka. Halitiwi mpaka lijaribiwe kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono, si kwa kidole. Mjukuu wake hufanya kazi hiyo kwa sababu ngozi yake bado inaogopa moto. Sukari ilirudi kiasi cha zamani. Na hamira sasa huanzwa na maji ya uvuguvugu, unga kidogo na kijiko kimoja tu cha sukari, ndipo ikapokea utamu wote uliobaki. Nilimshauri asitumie maji baridi kuiamsha hamira kavu, maana utando wake ukiloweshwa na baridi huvuja, na vinavyovuja hulegeza unga. Aliniambia hilo alikuwa akilijua kwa mikono kabla sijazaliwa.

Oda zilizofuata zilitoka salama. Kwa mwenye duka alikwenda mwenyewe, akanunua pakiti mbili mbele ya watu, na hapakusemwa zaidi.

Limebaki moja ambalo sikulitatua kwa njia hii. Mkate wake wa kumimina, ule wa mchele na tui, huumuka vizuri bakulini, huinuka ndani ya sufuria, kisha hubonyea katikati kabla haujaiva. Hapo hamira haina lawama ya kufa, pengine imefanya kazi kupita kiasi. Mchele hauna zile protini za ngano za kushikilia vitundu, gesi hushikwa na uzito wa uji wa mchele na tui peke yake, na ukiachwa uumuke muda mrefu kuta zake huwa nyembamba, ukisogezwa tu zinaanguka. Nimemwambia apunguze muda wa kuumua na auwahishe motoni wakati povu bado dogo dogo. Amesema atajaribu Alhamisi, akishamaliza oda ya watu wa Matondoni.